Mipaka ya Wadi na Maeneo Bunge Nairobi: Hesabu ya Kuijua Kabla ya Kutoa Maoni

Mipaka tunayopigia kura Nairobi ilichorwa mwaka 2012 kwa kutumia sensa ya 2009, jiji likiwa na watu 3,138,369. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073, na mistari ni ile ile. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, wakati Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na kamishna hata mmoja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kifungu cha 89 kinagawanya watu wote nchini kwa maeneo bunge 290. Kwa sensa ya 2019 tunapata wastani wa 164,015. Eneo bunge la jijini linaruhusiwa kuzidi au kupungukiwa kwa asilimia 40, kwa hiyo kikomo cha juu ni 229,621. Sasa gawanya watu wa Nairobi kwa maeneo bunge yake 17: unapata 258,651. Hata tukigawana sawa kabisa, kila eneo bunge litavuka kikomo. Mwaka 2012 hesabu hiyo hiyo ilitoa 184,610, na kikomo kilikuwa 186,393. Tulipenya kwa nafasi ya watu wasiofika elfu mbili.

Nambari 290 imo ndani ya Katiba, na tume haiwezi kuiongeza. Nairobi ikipewa eneo bunge jipya, kaunti nyingine itapoteza lake. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258 mwaka 2019, na watu wake wana hoja nzito za umbali na usafiri. Mvutano huu ni wa kweli, na anayekuahidi maeneo bunge mapya bila kuutaja hakutendei haki.

Kwa mwananchi wa kawaida, kazi kubwa iko kwenye wadi. Mwakilishi wadi wa Nairobi anahudumia watu 51,730 kwa wastani. Wastani wa nchi ni 32,803. Mstari ukipita vibaya, mtaa mmoja unakuwa na wawakilishi wawili, na mtaro wa majitaka unaokatiza mpakani hauna anayeushughulikia.

Kosa la kwanza katika memoranda, yaani maoni ya maandishi unayoipelekea tume kuhusu mipaka, ni kutaja idadi ya wapiga kura. Kinachohesabiwa ni wakazi, watoto wakiwemo. Kosa la pili ni kutumia jedwali la sensa bila kuangalia maeneo yake: sensa iliigawa Nairobi katika kaunti ndogo 11, si maeneo bunge 17. Watu 988,808 walioandikwa chini ya Embakasi si wa eneo bunge moja. Shuka hadi kata ndogo (sub-location), kisha ujumlishe kwenda juu.

Ukipendekeza mtaa uhamishwe, toa hesabu ya wadi zote mbili, kabla na baada. Eleza mstari kwa vitu visivyohama: mto, reli, Barabara ya Outer Ring. Ukiandika "kuanzia pale kwenye kibanda cha M-Pesa", mchoraji ramani hana pa kushika. Taja pia soko, shule na zahanati wanazotumia wakazi, maana Katiba inatambua maslahi ya pamoja ya jamii na njia za mawasiliano. Na mpaka wa kaunti usiuguse. Kuhamisha sehemu ya Githurai kati ya Nairobi na Kiambu kunahitaji utaratibu mwingine kupitia Bunge, chini ya Kifungu cha 188.

Kazi ikikamilika chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitatumika katika uchaguzi huo. Asiyeridhika anayo siku 30 tangu uamuzi uchapishwe kwenye Gazeti Rasmi kwenda Mahakama Kuu, nayo inapaswa kuamua ndani ya miezi 3 tangu ombi liwasilishwe. Siku hizo huisha haraka, kwa hiyo unapowasilisha memoranda, omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na uiweke pamoja na ramani uliyoambatanisha.