Gemu kuchelewa kufunguka: si kila mara kosa ni la bando

Kuna ujumbe usioisha kuzunguka kwenye magrupu ya wacheza gemu hapa Dar: gemu ya mtandaoni ikichelewa kufunguka, nunua bando kubwa. Mara nyingi haisaidii.

Ramani, sauti na picha za gemu ya kompyuta kwa kawaida umeshazipakua. Ule mstari wa kusubiri unapojaa taratibu, mashine inazisoma kutoka kwenye diski kuzipeleka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Diski ya kuzunguka husoma takribani megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, na faili zikitawanyika hushuka zaidi. SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, ya aina ya SATA hufika kama 500.

Pima mwenyewe. Kwenye Windows, gemu ikiwa inafunguka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja; litafunguka dirisha la Task Manager linaloonyesha matumizi ya diski na mtandao. Diski ikigota asilimia 100 huku mtandao ukikaribia sifuri, bando halina kosa.

Neno “mtandaoni” ndilo linalotuchanganya. Intaneti mbovu ipo kweli, ila hukukwamisha zaidi katikati ya mchezo. Kwa hiyo ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Na kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta SSD, hakikisha kwanza mashine yako inapokea ya aina gani.