Si Lazima Mtoto Ajue Kusoma Ndipo Aje Maktaba

Jumamosi iliyopita, katika sehemu ya watoto ya maktaba ninayohudumu hapa Dodoma, mama mmoja alimvuta mkono binti yake wa miaka minne aliyekuwa amekwisha kuifikia rafu ya chini. "Samahani dada," akaniambia, "huyu bado hajajua kusoma, atachana vitabu vya watu bure." Kauli hiyo nimeisikia kwa wazazi, kwa walimu na hata kwa wakutubi wenzangu, na safari hii nimeshindwa kuiacha ipite.

Dhana iliyo nyuma yake ni kwamba shule hufundisha kusoma, na maktaba humpokea aliyekwisha kujua. Naelewa inakotoka. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto aliyezimudu silabi, pamoja na vikwazo vichache kama tofauti ya "ng" na "ng'", anaweza kuutamka ukurasa wowote utakaomwekea mbele. Mzazi huisikia sauti hiyo akaridhika.

Mimi siridhiki nayo. Mvulana mmoja wa darasa la tatu alinisomea kitabu chake cha kiada bila kukosea hata neno moja. Nilipoufunika mstari kwa kiganja, sauti yake iliendelea kama kawaida. Nikampa hadithi asiyoijua, akakutana na neno "walipomkaribia". Alizitamka silabi zote nane kwa uzito ule ule, kidole kikizifuata moja baada ya nyingine. Nilipomuuliza nani alimkaribia nani, aliinua macho kwenye picha kutafuta jibu.

Neno hilo moja limebeba watendaji, wakati uliopita, kiambishi cha "pale" na mtendwa, kabla hata hujakifikia kitenzi chenyewe, na anayelisoma silabi kwa silabi hufika mwisho akiwa amekwisha kuupoteza mwanzo. Kuelewa kunataka jicho lilione katika vipande vyenye maana, na jicho halizoei hivyo kwa kuelezwa kanuni, bali kwa kukutana na "alipo-", "tulipo-" na "walipo-" mara mamia katika sentensi ambazo mtoto hajazikariri. Kitabu kimoja cha kiada kinachorudiwa mwaka mzima hakiwezi kufanya kazi hiyo. Inahitaji vitabu vingi na vigeni, ambavyo familia nyingi haziwezi kununua. Aidha, mtoto wa miaka minne anayesomewa hadithi huzisikia sentensi za namna hiyo, ambazo maongezi ya nyumbani hayana mara kwa mara, miaka kadhaa kabla hajaziona kwenye karatasi. Basi akija baada ya kujua silabi, tumekwisha kumchelewesha.

Hili wala si geni: Ilani ya UNESCO ya Maktaba za Umma ya mwaka 1994 ilitaja kwanza kabisa, miongoni mwa majukumu ya maktaba, kujenga mazoea ya kusoma kwa watoto tangu wakiwa wadogo.

Yapo mambo yanayonisumbua. Anayezungumza Kigogo au Kirangi nyumbani amezoea viambishi vya namna hii, kwa kuwa lugha hizo ni za Kibantu kama Kiswahili. Wa Kisandawe hana msaada huo, na rafu zangu hazina hadithi hata moja katika lugha hizo tatu. Je, kumsomea mtoto huyo kwa Kiswahili pekee kunatosha? Sijui. Tena siwezi kuapa kwamba watoto wanaokuja kwetu husoma vizuri kwa sababu yetu, kwani mzazi anayetoa nauli ya daladala kila Jumamosi pengine angehakikisha mwanawe anajua kusoma hata kama tusingekuwapo. Mtoto aliye kijijini, mbali na maktaba yoyote, ndiye ninayemfikiria zaidi, na huyo simfikii.

Kuhusu kuchana, ni kweli, vitabu vya wadogo huchakaa upesi, na maktaba inayovinunua inapaswa kulijua hilo mapema.

Nilimwomba yule mama amwachie binti kwa nusu saa. Alichukua kitabu chenye mbuzi, akakishika juu chini. Kisha, alipoona miguu ya mbuzi inaelekea juu, akakigeuza mwenyewe na kuanza kumweleza mama yake mbuzi anakwenda wapi. Ukurasa mmoja ulichanika pembeni, nikaubandika jioni kabla ya kufunga.