Kikombe Kilichojijaza Chenyewe
Wengi wetu Nairobi, tukitazama kipindi cha bunilizi ya kisayansi, tukaona kikombe cha rubani kiko nusu kisha kimejaa, husema mwongozaji alizembea. Kwa kawaida si hivyo. Matukio hayarekodiwi kwa mpangilio wa hadithi, na maongezi mafupi hurudiwa mara kadhaa kamera ikihamishwa. Yupo mtu wa kuandika kikombe kilikuwa wapi. Lakini mhariri akipata uigizaji mtamu zaidi kwenye rekodi nyingine, huuchukua, kikombe shauri yake. (Nami ningefanya vivyo.) Rudisha nyuma, simamisha: mara nyingi kinabadilika palepale picha inapohamia upande mwingine. Pengo la hadithi, yaani kisa chenyewe kisipoingia akilini, ni kitu tofauti. Mashine ya kurudi jana iliyosahaulika hatari inapoingia, hiyo muulize mwandishi.