Sombe inataka mvinyo mweupe: jinsi ninavyopanga karamu Lubumbashi

Hapa Lubumbashi mvinyo mwekundu mzito ndio umekuwa alama ya heshima. Mwenye karamu akitaka wageni waone kwamba amejitolea, ataweka Cabernet Sauvignon ya Afrika Kusini katikati ya meza, chupa nene yenye kitako kizito, na mhudumu ataanza kumimina kabla bakuli la sombe, yaani majani ya muhogo yaliyopikwa, halijafunuliwa. Kazi yangu ni kupanga mvinyo wa karamu na wa restora mjini humu, na neno ninalolirudia kwa wenyeji wangu ni lile lile: chakula chetu kinaita mvinyo mweupe wenye uchachu. Ule mwekundu mzito ungoje zamu yake, na zamu yake ni michopo, nyama ya kuchoma.

Tuanzie kule mizabibu inakoota. Kwenye mashamba ya Stellenbosch au Robertson, huko Afrika Kusini, chakula cha jioni hupangwa na watu wawili, mpishi na mtengeneza mvinyo, ambao wamekwisha kuonja pamoja kila sahani na kila chupa. Mgeni humiminiwa kidogo, kama mililita 75 hivi, sahani inaletwa, glasi inabadilishwa. Wanaanza na mvinyo wa mapovu unaochachuka mara ya pili ndani ya chupa yake, ule wanaouita Cap Classique. Wa kwanza wa aina hiyo huko ulitengenezwa na shamba la Simonsig mwaka 1971. Kisha huja samaki, mara nyingi snoek wa kuchoma aliyepakwa jemu ya aprikoti, pamoja na Chenin Blanc, mvinyo mweupe. Baadaye kondoo wa Karoo na mvinyo mwekundu, na mwisho kitu kitamu na mvinyo mtamu. Kinachonivutia ni kwamba hakuna anayeuliza ipi ni chupa ya bei kubwa. Wanaanza na kile kinachopikwa kwao, snoek wa bahari yao na kondoo wa nyika yao, halafu wanatafuta mvinyo wa jirani unaokaa nacho vizuri.

Sisi hatuna mizabibu. Karibu mvua yetu yote hushuka kati ya Novemba na Aprili, wakati wa joto, na mzabibu ukikaa na majani mabichi kwenye unyevu wa namna hiyo hushambuliwa na ukungu. Lakini vyungu tunavyo, na vyungu vyetu vina tabia zinazojulikana: chumvi nyingi, mawese, pilipili, moshi, na uchungu kidogo wa majani. Hayo ndiyo ya kuangalia kwanza. Watu huniuliza, "Ni nyama au samaki?" Mimi huuliza, "Umetia mawese? Makayabu, yaani samaki wa chumvi, umeyaloweka muda gani? Pilipili iko ndani ya chungu au pembeni?"

Chukua sombe, kwa sababu ndiyo inayoangusha chupa nyingi za bei. Iliyopikwa na mawese na vipande vya makayabu huacha utando wa mafuta juu ya ulimi, chumvi inabaki pembeni, na uchungu wa jani la muhogo unakuja mwisho kabisa. Sasa mwaga Cabernet juu yake. Mvinyo mwekundu una tanini, ile nguvu inayokausha fizi kama ndizi mbichi, na tanini hushika protini za mate. Ikikutana na uchungu wa jani, machungu mawili yanaungana na kinywa kinakauka. Kuna na samaki pia: mvinyo una chembe za chuma, mwekundu mara nyingi kuliko mweupe, na chuma hicho kikigusana na mafuta ya samaki huamsha ladha ya shombo na ya sarafu. Mtu anaweka glasi chini akidhani mvinyo umeharibika, kumbe mvinyo ni mzima.

Weka Chenin Blanc badala yake. Uchachu wake unakata ule utando wa mawese, mate yanarudi, na tonge linalofuata linakuwa na ladha kama la kwanza. Chumvi ya makayabu inausaidia mvinyo: inapunguza ukali wa uchachu na kuyatokeza matunda yake, tufaha la manjano, pera, asali kidogo. Mimi huchovya kijiko jikoni dakika za mwisho, baada ya mama mpishi kurekebisha chumvi, maana sombe ya saa nne asubuhi si ile inayofika mezani usiku. Nikikuta karanga zimetiwa, naacha Chenin nyepesi ya pipa la chuma na kuchukua iliyokaa kwenye pipa la mbao, hasa ya mizabibu mikongwe ya Swartland, kwa kuwa ina mwili wa kubeba uzito wa karanga. Kwa samaki wa Kasenga, wale wa mto Luapula, waliopikwa na nyanya na ndimu, nageuza: nyepesi, baridi, bila mbao.

Afrika Kusini ndiyo yenye mashamba mengi ya Chenin Blanc kuliko nchi yoyote duniani, hata Ufaransa inakotoka zabibu hiyo. Sababu moja ni kwamba hushika uchachu wake hata penye jua kali, na bei yake bado ni ya kibinadamu. Soma lebo: tangu mwaka 1973 wana utaratibu wa kuandika eneo zabibu zilikochumwa. Swartland, Robertson na Elgin zinakwambia jambo mahsusi. Western Cape peke yake inakwambia zabibu zimeweza kutoka pande nyingi za eneo kubwa. Si kasoro, ila huwezi kukisia ladha kabla ya kufungua.

Pilipili ni habari yake. Pombe huongeza moto wa pilipili, kwa hiyo chupa yenye asilimia 14.5 ni mafuta juu ya makaa. Pilipili ikiwa ndani ya chungu, ninashuka hadi asilimia 12 au chini, na ninapenda iwe na utamu kidogo. Ndiyo maana huwaomba wapishi waweke pilipili kwenye kibakuli pembeni, kila mgeni ajipimie. Wengine hukasirika. Lakini mwenye kuipenda ataipata, na mvinyo wa wenzake utakuwa umesalimika.

Bukari, ugali wetu, haina ugomvi na mvinyo wowote. Ndakala, dagaa wetu, wa kukaanga, wakavu, wenye chumvi, ndio rafiki wakubwa wa mvinyo wa mapovu niliowahi kuwakuta popote. Ningewapa wageni vyote viwili, ndakala na mapovu, kabla hawajakaa, na hapo karamu imekwisha kuanza vizuri.

Vinkubala, viwavi tunavyokula, vinastahili heshima kuliko tunavyovipa. Vikikaangwa na kitunguu na nyanya vina ladha ya moshi na ya karanga zilizoungua kidogo, na ndani mna mafuta. Hapo ndipo ninapofungua Pinotage, zabibu ambayo Abraham Izak Perold aliizalisha huko Rasi, kusini kabisa mwa Afrika Kusini, mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Nachagua Pinotage nyepesi, isiyokaa sana kwenye mbao, niliyoipoza. Moshi unakutana na moshi, tanini zake ni laini, na wageni wa kutoka nje hushangaa wanapoona viwavi vya miombo vimekaa sawa na mvinyo wa Rasi. Nao uyoga wa masika, ule unaopangwa kandokando ya barabara mvua zikianza, ninauwekea Pinot Noir ya Elgin nikiipata. Nisipoipata, Chenin ya mbao inatosha.

Halafu michopo. Mbuzi aliyechomwa juu ya makaa, mafuta yake yakidondoka, chumvi na kitunguu kibichi pembeni: hapo mwekundu mzito unaingia na sina pingamizi. Tanini ambayo ilikosa kazi kwenye sombe sasa inashika protini na mafuta ya nyama badala ya mate yako, mvinyo unalainika na nyama inakuwa nyepesi. Shiraz ya Swartland yenye harufu ya pilipili manga ndiyo chaguo langu la kwanza, mbele ya Cabernet. Mzee mmoja aliyeketi kwenye meza niliyokuwa nikiihudumia aliniambia, "Sasa ndiyo umeleta mvinyo." Nilimjibu, "Mzee, ule wa mwanzo ndio uliokufikisha hapa kinywa kikiwa safi." Akaomba arudishiwe ule mweupe, aonje tena kwa sombe iliyobaki.

Na Dodoma? Wasomaji wa hapa huniuliza, maana ndiyo mizabibu ya jirani zetu wanaosema lugha yetu. Zabibu zilipelekwa huko na wamisionari Wakatoliki wa Kiitalia katika miaka ya 1950, na leo mkoa huo ndio moyo wa mvinyo wa Tanzania. Uko mita 1,100 hivi juu ya bahari, karibu na kimo chetu, lakini mvua yake ni haba. Hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima akipogoa kwa mpango anavuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na karibu na Agosti. Chenin ya Dodoma ni nyepesi kuliko ya Rasi, na kwa samaki wa kuchoma inanitosha kabisa. Ni vigumu kuipata madukani kwetu, maana barabara yetu inaelekea kusini. Nikipata chupa, naiweka kwenye karamu na kuitaja kwa jina, kwani ni haki wageni wajue kwamba mvinyo unatengenezwa pia na watu wanaopika ugali.

Barabara hiyo ya kusini ndiyo inayoamua mengi. Mvinyo wa Rasi hupita nchi mbili au tatu ndani ya lori kabla ya kufika Kasumbalesa, na foleni ya mpakani chini ya jua la Oktoba inaweza kuuchemsha. Dukani, papasa kichwa cha chupa kabla ya kulipa. Kizibo kikiwa kimejisukuma juu, au kifuniko kinanata kwa mvinyo uliovuja, irudishe kwenye rafu hata kama bei imepunguzwa. Chupa za kifuniko cha kusokota huvumilia safari vizuri zaidi, na si alama ya mvinyo duni. Kwa Chenin mimi huzitafuta makusudi.

Ukishafika nyumbani, sahau ile kauli ya kunywa mwekundu kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha nyuzi 16 hadi 18, na Oktoba kwetu mchana hupita nyuzi 30. Mwekundu ukiwa wa joto unanuka pombe na tanini zake zinalegea ovyo. Utie kwenye frigo nusu saa kabla ya michopo. Mweupe ukae huko kwa muda wa saa tatu, lakini utoke dakika kumi kabla ya kumiminwa, kwani baridi kali huficha harufu. Umeme ukikatika, ndoo yenye barafu, maji na konzi ya chumvi hupoza chupa kwa robo saa. Barafu tupu bila maji ni polepole mno.

Kwa hesabu: chupa ya mililita 750 hutoa glasi saba ndogo za karamu. Meza ya watu 14 inataka chupa mbili kwa kila sahani, na ya sombe mimi huongeza ya tatu, maana watu huomba tena.