Geuza ganda la rangi, usome mgongo wake

Mama mmoja hapa Tanga aliniita nikamtazamie geti. Lilipakwa rangi ya mafuta ya kijani, ya bei kubwa, na hata mwaka halijamaliza linajivua gamba kama nyoka. "Fundi, niambie ukweli, nimeuziwa rangi feki?"

Sikumjibu papo hapo. Nilibandua ganda moja pana kama kiganja, nikaligeuza. Mgongo ukiwa na kutu nyekundu, aliyepaka hakusugua chuma. Ukiwa safi na chini yake inang'aa rangi ya zamani, alipaka bila kupiga msasa. La mama huyu lilikuwa safi, limekakamaa, linavunjika kama biskuti, na chini yake chuma cha kijivu kisicho na kutu, chenye utando mwembamba mweupe.

Basi rangi haikuwa na kosa. Mabomba ya geti lile yalichovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 450 hivi, ili yasishike kutu. Zinki na rangi ya mafuta hawaelewani. Unyevu ukipenya, zinki hutoa ukali wa jamii ya magadi, na ukali huo huyashambulia mafuta yaliyomo kwenye rangi. Aliyewahi kupika sabuni ya mafuta ya nazi anajua kinachofuata: mafuta yakikutana na magadi makali, unapata sabuni. Geti la mama lilijipikia sabuni kimya kimya kati ya chuma na rangi. Ungempa kopo la bei mara mbili, lingebanduka vilevile.

Ila penye viungo vya kuchomelea nilikuta kutu kweli, maana moto wa kuchomelea huiunguza zinki. Geti moja, magonjwa mawili.

Rangi ya zamani tuliitoa yote. Kupaka juu ya iliyolegea ni kujenga juu ya mchanga. Kisha tukaosha kwa maji ya sabuni na kusuuza kwa maji ya bomba, si ya kisima chenye chumvi. Huku pwani upepo wa bahari huacha chumvi kwenye chuma, na chumvi ikifungiwa chini ya rangi huvuta maji mpaka yatokee malengelenge. Baada ya kusuuza nadondosha tone la maji: likitandaa, ni safi; likijikusanya kama shanga, mafuta bado yapo, unaosha tena.

Msasa uwe wa mkono na mwepesi. Nimeona vijana wakipeleka grainda yenye brashi ya waya na kuimaliza zinki yote, ambayo unene wake kwa kawaida haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Viungo vyenye kutu tu ndivyo vya kusuguliwa kwa nguvu. Halafu praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, na hapa sibembelezi mtu: iwe imeandikwa kwenye kopo kwamba ni ya chuma chenye zinki, au epoksi, ile ya makopo mawili yanayochanganywa. Praima nyekundu ya kawaida ya chuma nayo mara nyingi ni ya mafuta, kwa hiyo unarudi kwenye sabuni.

Asubuhi mapema sipaki, chuma kinatoka jasho. Vitabu vinataka chuma kiwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Nasubiri jua likikaushe, na alasiri ikianza kupoa naweka brashi chini.

Praima ilipokauka sawasawa nilifanya jaribio la ISO 2409, kipimo cha kimataifa cha kuona kama rangi imeshika: mistari 6 ya wembe huku na 6 kule, viraba 25, kisha unabandika utepe na kuuvuta. Alama ni 0 mpaka 5, na 0 maana yake hakuna kilichong'oka. Ubavuni nilipata 0. Karibu na bawaba, ambako msasa ulifika kwa shida, nikapata 2. Pale nilikwangua nikaanza upya, na mama akalalamika kwamba namcheleweshea geti lake.