Kitwitwi wa Juni si mgonjwa: dhana potofu kuhusu ndege wa pwani ya Mtwara

Dhana: Vitwitwi wanaobaki Mikindani mwezi wa Juni ni wagonjwa walioachwa na wenzao.

Ukweli: Wengi wao ni watoto wa mwaka jana. Nenda pwani mwezi wa Aprili maji yakitoka, uwatazame wale wenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini. Waliopevuka wana kifua chekundu, rangi ya tofali, na wamenenepa kwa ajili ya safari ya kwenda kutaga Siberia. Wadogo wamebaki na kijivu chao, nao hawaendi. Hawajafikia kuzaa, waende kufanya nini? Wanakula minyoo ya matopeni hapa hapa mpaka wakubwa warudi.

Ndiyo maana idadi yao wakati wa kipupwe huwapa watafiti habari za mbali. Huko Langebaan, Afrika Kusini, wamehesabiwa kwa miaka mingi, ikaonekana wadogo huongezeka na kupungua kufuatana na lemingi, panya wa kaskazini. Lemingi wakijaa, mbweha hushiba panya na makinda ya vitwitwi hupona. Lemingi wakiadimika, jambo linalotokea kila baada ya miaka mitatu hivi, mbweha hugeukia viota. Wachokoa chaza hucheka wakisikia kwamba ndege wanaowaona kila siku hutegemea panya wa Siberia, lakini ndivyo ilivyo.

Dhana: Ndege mwenye pete mguuni ametumwa.

Ukweli: Pete ile ni alumini yenye namba na anwani, basi. Hans Mortensen wa Denmark alianza kuzifunga kwa utaratibu mwaka 1899, na ndizo zinazotuambia ndege anaishi miaka mingapi. Albatrosi mmoja, ndege mkubwa wa bahari ya Pasifiki, aitwaye Wisdom, alifungwa pete mwaka 1956. Mwaka 2024 alitaga tena. Ukiokota pete, andika namba na utoe taarifa.

Dhana: Kinda akiguswa na mtu, mama yake humkataa.

Ukweli: Watafiti huwafunga pete makinda wangali kiotani na wazazi huendelea kuwalisha. Kuwasumbua kila saa ndiko kubaya.

Dhana: Kideri na mafua ya ndege ni mizigo ya ndege wa porini.

Ukweli: Hapa lawama imegeuzwa. Bata wa porini hubeba virusi vya mafua visivyo vikali, hilo kweli. Lakini ukoo wa virusi vya mafua uitwao H5N1, unaoua leo, ulitambuliwa kwa bata bukini wa kufugwa huko Guangdong, China, mwaka 1996, ndipo baadaye ukaingia porini. Mwaka 2021 mnandi, ndege wa baharini, zaidi ya 20,000 walikufa kwa mafua hayo kwenye pwani ya Afrika Kusini.

Kideri nacho, wengi husema kinakuja na upepo wa kiangazi. Mimi naangalia matenga. Kuku mmoja akianza kusinzia, mwenye nyumba anakimbilia kuuza wote kabla hawajafa. Wanunuzi wanawachanganya na wazima, na kinyesi kinasafiri kwenye tenga na viatu mpaka kijiji kinachofuata. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 inavumilia joto kuliko chanjo nyingine: tone moja jichoni, kila miezi mitatu, vifaranga pamoja na wakubwa. Haimtibu aliyekwisha kuugua, kwa hiyo usisubiri wa jirani waanze kufa.