Je, wajua kwa nini wachezaji wa baleti walivalishwa sufu nzito mwaka 1913?

Ukimwomba mtu akuchoree mchezaji wa baleti, ataanza na sketi: ile fupi iliyotanda kiunoni kama sinia, miguu yote nje. Sasa mvue mchezaji huyo sketi yake, umvike joho la sufu linaloanzia mabegani na kushuka mpaka karibu na vifundo vya miguu, halina kiuno, zito mithili ya blanketi. Halafu mwambie aruke.

Ndivyo walivyoruka Paris usiku wa tarehe 29 Mei 1913, katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées. Kundi lilikuwa Ballets Russes la Sergei Diaghilev, muziki ulitungwa na Igor Stravinsky, miondoko na Vaslav Nijinsky, na mavazi yalibuniwa na mchoraji Nicholas Roerich. Baleti yenyewe ni Le Sacre du printemps, yaani Tambiko la Machipuko: kijiji cha Urusi ya kale kinamchagua msichana mmoja, naye anacheza mpaka anakufa ili ardhi ipate uhai.

Kwa nini sufu? Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, na nilikuwa nimekosea kabisa. Nilidhani ni kosa la mchoraji asiyejua kucheza. Roerich alikuwa mtu wa turubai, tena mwanaakiolojia aliyefukua makaburi ya kale. Nikajiambia kwamba alichora picha ya kupendeza, mafundi wakaishona kama ilivyo, na mzigo ukawaangukia wachezaji.

Jibu hilo linaingia akilini upesi kwa sababu limejengwa juu ya imani ambayo wengi wetu tunayo: kwamba baleti ni wepesi, na kwamba kazi ya vazi ni kutomzuia mchezaji. Imani hiyo haisimami. Ile sketi ya sinia si vazi la asili la baleti. Mwanzoni mwa karne ya 19 sketi za jukwaani zilifika chini ya magoti, za wavu mwembamba zilizoning'inia kama kengele. Zilifupishwa hatua kwa hatua kadiri ufundi wa miguu ulivyozidi kuwa mgumu, maana mtazamaji aliyelipa kiingilio alitaka kuona goti lililonyooka, paja lililogeuzwa nje, ncha ya kiatu iliyosimama sakafuni. Sketi ilipanda ili hatua zionekane. Hatua ndizo zilizoamua kitambaa.

Basi tazama hatua za Nijinsky. Vidole vya miguu vimegeuzwa ndani. Magoti yamepinda. Migongo imeinama. Watu wanakanyaga chini kwa unyayo mzima, wanaruka na kutua kwa kishindo, makundi kwa makundi. Katika miondoko hiyo hakuna mguu mmoja mzuri wa kuonyesha. Kinachoonyeshwa ni uzito wa watu wengi wanaoshindiliana na ardhi. Wavike sketi ya sinia, na jicho litakwenda pale pasipo na kitu.

Hapo swali langu likageuka. Nikaacha kuuliza kwa nini vazi ni zito, nikauliza uzito wenyewe unafanya kazi gani.

Nilijaribu nyumbani, na nawe unaweza. Chukua kipande cha chandarua, kifunge kiunoni. Wavu wa sketi ya baleti ni ndugu wa chandarua: matundu mengi, nyuzi chache, karibu hauna uzito. Ruka mara moja, utue, usimame tuli. Wewe umesimama, lakini chandarua bado kinapepea. Hewa inakishika kinapopanda na inakishika tena kinaposhuka, kwa sababu uzito wake ni mdogo mno kuushinda upinzani wa hewa. Kila mwendo wako unaachiwa mkia laini, na mwisho wa mruko hauonekani. Ndiyo maana mchezaji aliyevaa wavu huonekana kama hatui kamwe.

Sasa jifunge blanketi la sufu mabegani, literemke mpaka kwenye miguu, uruke tena. Unapopanda, blanketi linachelewa kidogo. Unapotua, linakuja chini nawe moja kwa moja, pindo linakupiga kwenye vifundo, kisha linatulia. Utausikia mshindo wake hata kama hujavaa viatu. Mruko umewekewa nukta.

Ni tofauti ya mapazia mawili katika dirisha moja. Upepo ukikata, pazia jepesi litaendelea kuchezacheza, zito litarudi mahali pake na kunyamaza. Muziki wa Stravinsky umejaa vishindo vinavyoangukia mahali usipovitarajia, na kati yao kuna vipande vifupi vya ukimya. Pazia jepesi lingevifuta. Zito linaviacha wazi, na jicho linapata mdundo uleule unaoingia sikioni.

Tahadhari moja: jaribio langu linahusu kuruka na kukanyaga tu. Zunguka ukiwa umevaa blanketi na mambo yanaharibika, kwani kitambaa kizito kikishapata mzunguko hukataa kusimama na hukuzonga miguuni.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo ninalolipenda zaidi. Nakshi za majoho hayo zilipakwa kwa rangi juu ya sufu, nyingi kwa violezo, yaani vipande vilivyokatwa matundu ya kupitishia rangi: duara ndani ya duara, miraba, mistari ya kukatakata, imepangwa kwa mikanda kifuani, mikononi na kuzunguka pindo. Asili yake ni mavazi ya wakulima wa Urusi. Mwaka 1911 Roerich na Stravinsky walipanga baleti hii huko Talashkino, Urusi, ambako Maria Tenisheva, bibi wa tabaka la juu, alikuwa na mkusanyiko mkubwa wa kazi za mikono za vijijini. Mkanda wa rangi kwenye pindo unafanya kazi ya rula. Mchezaji akitetemeka, kitambaa kitupu kitaficha, ila mstari wa rangi utacheza juu na chini na mtu wa kiti cha nyuma ataona. Na kuna mahali panapodai hilo hasa: msichana aliyechaguliwa anasimama katikati bila kusogea, muda mrefu, na magoti yake yanaanza kutetemeka.

Wachezaji walilipa gharama. Sufu, kofia za manyoya, ndevu za bandia kwa wazee, ngozi za dubu kwa mizimu ya mababu, yote chini ya taa za jukwaa.

Ni kiasi gani cha haya Nijinsky alikikusudia? Hapa ushahidi ni mwembamba. Baleti yake haikupigwa filamu, na haikuonyeshwa hata mara kumi. Kilichobaki ni michoro ya msanii Valentine Gross, picha chache, kumbukumbu za watu kama Marie Rambert aliyemsaidia Nijinsky katika mazoezi, na mavazi yenyewe. Watafiti Millicent Hodson na Kenneth Archer walipoiunda upya kwa ajili ya Joffrey Ballet, kundi la Marekani, mwaka 1987, mavazi yalikuwa miongoni mwa mashahidi wao wakuu.

Huenda umesikia kwamba usiku ule wa kwanza ukumbi ulilipuka kwa kelele kwa sababu ya muziki. Kelele zilikuwepo, hadi Nijinsky akapanda juu ya kiti pembeni mwa jukwaa kuwapigia wachezaji hesabu kwa sauti. Lakini Aprili 1914 muziki huohuo ulipigwa Paris bila wachezaji, chini ya kiongozi yuleyule wa okestra, Pierre Monteux, na Stravinsky akatolewa nje amebebwa mabegani kwa shangwe. Mimi naamini macho yalichangia ghasia zile kuliko tunavyosimulia.

Na mavazi hayakutupwa. Diaghilev alipoirudisha baleti jukwaani mwaka 1920, Nijinsky hakuwemo tena, na miondoko ilitungwa upya kabisa na Léonide Massine. Ubunifu wa Roerich ulibaki. Leo baadhi ya majoho yapo London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, na rangi za violezo bado zinasomeka kwenye mapindo.